Simu mtumba imegoma kuwaka? Usikubali ifutwe haraka

Mwezi huu ukurasa wa familia tunauachia simu. Si simu mpya ya dukani, hapana. Ni ile ya mtumba, iliyopita mikono miwili mitatu kabla ya kufika kwako. Kwa wengi wetu hapa Lobule, na kwa ndugu zetu waliopanga vyumba mjini Arua pande za Ayivu, ndiyo simu tunayoimudu. Nyingine zimetoka Kampala, nyingine zimevuka mpaka kutoka soko la Ariwara, nyingine ni za jirani tu aliyepatwa na shida akataka hela ya haraka. Inafanya kazi vizuri miezi kadhaa. Halafu asubuhi moja unabonyeza, kimya. Ama inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inawaka tena, inazima tena, mpaka moto unaisha.

Hapo ndipo hasara kubwa inapoanza, maana mtu akiwa na wasiwasi hukimbilia kwa fundi wa kwanza anayemwona na meza na mwavuli. Na wako mafundi wenye jibu moja kwa kila ugonjwa: "Hii tuiflashi." Ukisema ndiyo, simu inaweza kuwaka kweli, ikiwa safi kama siku ilipotoka kiwandani. Ila safi hapo maana yake ni tupu. Picha za marehemu baba, sauti alizotuma mama kutoka Aru, namba ya shangazi aliye Juba, picha uliyopiga ya vyeti vya shule vya watoto, vyote vimekwenda. Na kuna familia ambazo hazikubeba albamu wala cheti wakati wa kukimbia. Walichobaki nacho kiko ndani ya simu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari za vifungo na waya, tujue kwanza kitu gani kiko wapi.

KITU GANI KIKO WAPI

Watu husema, "Maisha yangu yote yako kwenye simu." Si yote. Tuanze na pesa, maana ndiyo inayowapa watu presha. Hela ya mobile money haikai ndani ya simu. Iko kwenye kompyuta za kampuni ya mtandao, na ufunguo wake ni laini yako pamoja na PIN. Simu ikifa leo, toa laini, iweke kwenye kitochi cha jirani, piga menyu yako ya kawaida, salio utalikuta palepale. Laini ikiwa ile ndogo kabisa, itahitaji kale kafremu ka plastiki ili ikae vizuri kwenye kitochi. Basi mama unayengojea pesa ya msaada, usikubali kuambiwa kwamba simu ikifa na pesa imekufa. Angalia tu mwenye kitochi asisome PIN yako begani.

Lakini hapa kuna jambo moja ambalo lazima tulisimamie kidogo. Laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani? Miaka ya nyuma wakimbizi wengi walisaidiwa na jirani mwenyeji, akatoa kitambulisho chake, laini ikapatikana. Ilikuwa wema. Ila laini ikipotea ama ikiharibika pamoja na simu, kampuni inamrudishia namba yule tu ambaye jina lake limeandikwa. Na yule jirani labda amehama, labda mmekosana. Tangu 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho chake cha mkimbizi au kwa karatasi ya atesteshoni ya OPM. Kama laini yako bado iko kwa jina la mtu mwingine, shughulikia hilo wakati simu ni nzima. Ikishakufa ni kazi nyingine.

Tuje kwenye memori kadi, ile inayotoka. Picha zilizo humo unaweza kuzisoma kwenye simu nyingine leo leo. Itoe uijaribu. Isipokuwa kama siku ulipoiweka simu ilikuuliza iifanye kadi kuwa sehemu ya simu yenyewe, nawe ukakubali. Kadi ya namna hiyo haisomeki kwingine, inaitambua simu yake tu.

WhatsApp nayo ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Namba inahama na laini: ukiweka laini kwenye simu nyingine ya tachi, utapata ujumbe wa tarakimu 6, utaingia, na watu wataendelea kukuandikia. Lakini mazungumzo ya zamani hayahami na laini. Yanarudi tu kama uliyahifadhi kwenye akaunti yako ya Google, au iCloud kwa wenye iPhone. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, uone tarehe ya mwisho ya kuhifadhi. Ukikuta ni mwaka juzi, ama hakuna kitu, basi hujahifadhi. Na zile tarakimu 6 usimtajie mtu, hata akijiita wa ofisi gani.

Yaliyobaki yako ndani ya simu yenyewe: picha ambazo hazikwenda kwenye kadi, sauti, namba zilizoandikwa kwenye simu badala ya kwenye akaunti. Hapa kuna habari ambayo si kila fundi atakueleza. Simu za Android zilizotoka kiwandani na Android 10 ya mwaka 2019 ama toleo la baadaye, na iPhone za miaka mingi sasa, hufunga yaliyomo kwa kufuli la hesabu, na ufunguo wake uko ndani ya simu hiyohiyo. Kwa hiyo fundi akikuambia, "Nitang'oa memori ya ndani nikusomee picha kwenye kompyuta," kwa simu hizo anajidanganya, ama anakudanganya wewe. Njia ya kuziokoa ni kuiamsha simu hata mara moja tu, hata kwa nusu saa, na kuzihamisha hapohapo. Ndiyo maana tunasema: matengenezo kwanza, kufuta baadaye kabisa.

HAIWAKI HATA KIDOGO

Simu nyeusi, kimya, haitetemeki. Kabla ya kusema imekufa, ipigie kwa simu nyingine. Ikiita, basi simu iko hai, kilichokufa ni kioo. Hiyo ni habari njema, kwa sababu kioo kinabadilishwa na picha zinabaki.

Isipoita, tushuku moto. Betri ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa hujifunga yenyewe kwa usalama, na ukiichomeka haionyeshi kitu mara moja. Inaweza kukaa nusu saa ama zaidi kabla ya alama ya chaji kuonekana. Watu wengi huchomeka dakika 5, hawaoni kitu, wanasema imekufa. Tena hapa kwetu tunachaji kwa sola, na shida ya sola ndogo isiyo na betri wala kidhibiti ni kwamba wingu likipita moto unashuka, likiondoka unapanda. Simu inaanza kuwaka, moto unapungua, inazima, inaanza tena. Ukiitazama utasema programu zimeharibika, kumbe ni njaa. Basi ichomeke kwenye chaja nzuri ya ukutani, pale mjini ama kwenye duka lenye sola kubwa, iache saa nzima bila kuigusa. Badilisha na waya pia. Waya huvunjika ndani bila kuonekana nje.

Na utazame tundu la chaji. Vumbi letu jekundu mnalijua. Likichanganyika na nyuzi za mfukoni linajaa humo kama udongo kwenye kwato, waya haufiki mwisho. Zima simu, chukua kijiti cha meno, toa taratibu. Sindano usitumie, inakwaruza vyuma na inaweza kugusanisha moto.

Baada ya saa moja ya chaji, bonyeza kifungo cha kuwashia na kukishikilia sekunde 20 hivi, usiachie. Kwa Samsung nyingi unashika pamoja na kile cha kupunguza sauti. Kwa iPhone 8 na zilizofuata: gusa cha kuongeza sauti na uachie, gusa cha kupunguza na uachie, halafu shika cha pembeni mpaka alama ya tufaha itokee. Kwa iPhone 7 shika cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia. Kwa 6s na za zamani shika kile cha chini cha duara pamoja na cha kuwashia. Kufanya hivi hakufuti kitu chochote. Ni kama kumtikisa mtu aliyelala.

Simu iliyolowa ni habari nyingine. Usiichaji. Izime, toa laini na kadi, iweke mahali pakavu penye hewa siku nzima au mbili. Na mchele tuuache kwenye sufuria: Apple wenyewe waliandika mapema mwaka 2024 kwamba simu isiwekwe kwenye mchele, kwa sababu vipande vyake vidogo vinaweza kuiharibu. Mchele wenyewe ni wa kununua siku hizi.

Betri iliyovimba, inayoinua kioo ama mfuniko wa nyuma, isitobolewe, isichajiwe, isipewe mtoto acheze. Inaweza kuwaka moto. Iondolewe na fundi anayejua, na isitupwe kwenye shimo la takataka mnalochoma.

INAWAKA, INAGANDIA KWENYE JINA

Hii ndiyo inayowasumbua wengi. Simu inafika kwenye jina, Tecno, itel, Samsung, ama tufaha la iPhone, haiendi mbele. Sababu zake si moja. Ya kwanza kwa simu za mtumba ni kujaa. Simu ya gigabaiti 8 ama 16 ikijaa kabisa video za makundi ya WhatsApp, inakosa hata nafasi ndogo ya kujipanga wakati wa kuwaka. Nyingine ilikuwa inapokea programu mpya, moto ukakatika katikati. Nyingine kifungo kimekwama: kile cha kupunguza sauti kikishikwa na vumbi au kava, simu inadhani unaiomba iingie kwenye menyu ya mafundi. Vua kava kwanza, jaribu vifungo kimoja kimoja. Halafu toa memori kadi na laini, uwashe bila hivyo. Kadi mbovu inaweza kuizuia simu nzima.

Ikikataa bado, kwa Android kuna ile menyu ya mafundi yenyewe. Simu ikiwa imezimwa, kwenye simu nyingi unashika cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti mpaka maandishi madogo yatokee. Maandishi hayo ni ya Kiingereza hata kama simu yako iko kwa Kiswahili, kwa hiyo yajue matatu kwa sura zake. "Reboot system now" ni kuwasha tena tu. "Wipe cache partition", kama iko, inafuta takataka za muda za mfumo, picha na ujumbe hazigusi. Jaribu hizo mbili kwanza. Ya tatu ni "Wipe data/factory reset". Hii ndiyo inayofuta. Hapo ondoa kidole. Mtoto ama kijana wa jirani akisema, "Mama, ngoja nikurekebishie," mwambie asome kwa sauti neno analotaka kulibonyeza.

Kwa iPhone inahitajika kompyuta na waya, na hapa ndipo panapotokea ile hali ya simu kukataa kurejeshwa. Ikishaingia kwenye hali ya matengenezo, kompyuta inakuuliza maneno mawili: "Update" au "Restore". La kwanza linaweka mfumo upya na kuacha vitu vyako. La pili linafuta kila kitu. Chagua la kwanza daima, na umwambie fundi hivyo kabla hajagusa, maana kwa haraka wengine huchagua la pili bila kufikiri.

Sasa sikiliza sehemu inayowachosha watu wetu. Kompyuta inapakua faili la gigabaiti kadhaa. Likichukua zaidi ya dakika 15, simu yenyewe inatoka kwenye ile hali na mambo yanaonekana yameshindikana. Kwa mtandao wetu, dakika 15 si kitu. Mtu anaondoka amekata tamaa, amelipia na data. Kumbe simu haijaharibika: acha upakuaji umalizike, halafu irudishe simu kwenye hali ya matengenezo kwa vifungo vilevile, uchague tena "Update". Faili likishakuwa kwenye kompyuta, mara ya pili huenda upesi. Zikitokea namba za makosa kama 9, 4005, 4013 au 4014, maana yake mara nyingi mawasiliano yamekatika katikati. Badilisha waya, badilisha tundu la kompyuta, badilisha na kompyuta. Zikirudi zilezile kila mahali, basi ugonjwa uko kwenye vyuma vya ndani, na kurudia mara 10 ni kupoteza pesa.

Kuhusu kuflashi. Hatusemi ni kitu kibaya. Ni kuandika mfumo mzima upya kutoka kwenye kompyuta, na kuna simu ambazo haziponi bila hiyo. Lakini faili lazima liwe la modeli hiyohiyo hasa, herufi kwa herufi. Faili la ndugu yake linaweza kuifanya simu isiwake tena kabisa, ama iwake bila mtandao kwa sababu imepoteza namba yake ya IMEI. Ukiona umeokoa ulivyoweza, ama huna cha kuokoa, flashi. Kama picha bado ziko ndani na bado hujajaribu chaja, betri na kioo, ngoja.

SI MBOVU, IMEFUNGWA

Kuna simu ambayo baada ya kufutwa inawaka vizuri, inakusalimu, inakuuliza lugha, halafu inasimama: inataka akaunti ya Google ya mwanzo, ama Apple inataka jina na neno la siri la mwenyewe. Hii si kuharibika. Ni kufuli la wizi. Apple waliliweka mwaka 2013, Google wakafuata na Android 5.1 mwaka 2015, ili mwizi akifuta simu asifaidike nayo.

Tatizo ni kwamba kufuli halimjui mwizi na halimjui mkimbizi. Linajua neno la siri tu. Na sisi tunaingia mtego huu kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza, umenunua simu ya wizi bila kujua. Mlango wa pili, umenunua simu ya mkopo. Siku hizi watu wanachukua simu kwa malipo ya kila siku au kila wiki, na kampuni ina uwezo wa kuifunga kutoka mbali asipolipa. Anailipia kidogo, anakuuzia wewe kwa bei ya kuvutia, anaacha kulipa. Wewe unaitumia wiki mbili tatu, unaamka imefungwa, inakudai deni la mtu usiyejua hata anakoishi.

Mlango wa tatu unatuuma zaidi kwa sababu simu ni halali yako kabisa. Uliponunua, kijana wa dukani alikufungulia akaunti ya Google. Aliandika jina alilojua yeye, neno la siri alilojua yeye, labda na namba yake. Ulitumia miaka miwili bila shida. Siku simu imegandia kwenye jina na fundi ameifuta kwa vifungo, inataka neno la siri ambalo hukuwahi kulijua. Umekuwa mgeni kwenye simu yako. Ikiwa simu yako inawaka leo, fungua mipangilio, tazama akaunti ni ipi, na kama neno la siri hulijui, libadilishe leo ama ufungue akaunti yako mwenyewe. Liandike kwenye daftari linalokaa pamoja na atesteshoni. Watu wa mjini watakuambia usiandike neno la siri kwenye karatasi. Sisi tunasema andika, ila daftari lifiche.

Wako wanaojitangaza kuondoa makufuli haya. Kwa Android za zamani baadhi wanaweza. Kwa iPhone, mara nyingi wanakula pesa na simu inabaki vilevile. Anayelifungua kwa haki ni mwenye akaunti, au kampuni ikionyeshwa risiti ya kwanza ya ununuzi.

KABLA HUJATOA HELA

Kwa hiyo unaponunua simu ya mtumba, iwe Arua mjini, Koboko ama kambini, usinunue iliyozimwa, na usinunue ile ambayo muuzaji "ataimalizia nyumbani". Mwambie aondoe akaunti yake mbele yako kwenye mipangilio, aifute kwa mipangilio hiyohiyo wala si kwa vifungo, kisha uiwashe wewe mpaka ifike ukurasa wa kwanza bila kuuliza akaunti ya mtu. Weka laini yako, piga simu, pokea simu. Chomeka chaja uone inapokea. Piga *#06#, itatokea namba ya IMEI, ilinganishe na ile ya kwenye boksi au nyuma ya betri. Zisipolingana, ama ikija sifuri tupu, rudisha. Simu bandia si hadithi: Kenya ilizifungia mwaka 2012, Tanzania mwaka 2016, na watu waliokuwa nazo walibaki na tochi. Nyingine huandika gigabaiti 128 kwenye skrini, na ndani ni 8 tu. Zikijaa zile 8 inaanza kula picha zako, halafu inagandia kwenye jina.

Simu ya bei nafuu inaweza pia kuwa nzima na bado isikufae. Tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Ukikuta moja ni maridadi na rahisi, jua kwa nini.

Na karatasi. Andikeni jina la muuzaji, namba yake, IMEI, bei na tarehe, wote mtie sahihi, na kama mnaweza mbele ya mwenyekiti wa RWC wa bloku yenu, ama LC1 kwa wanaokaa Ayivu. Inaonekana usumbufu kwa kitu kidogo. Lakini mkimbizi akikutwa na simu iliyoibwa, maelezo ya mdomo hayaendi mbali, na karatasi hiyo inaweza kukutoa kituo cha polisi jioni ileile.

UKIENDA KWA FUNDI

Toa laini na memori kadi kabla ya kumpa simu, ubaki nazo mkononi. PIN ya mobile money hahitaji hata kidogo. Namba ya kufungulia kioo anaweza kuihitaji ili ajaribu. Hapo ni bora ukae palepale mpaka amalize, hasa akina mama na mabinti, maana picha za nyumbani si za kutazamwa na vijana wote wa kibanda. Mwambie neno hili tangu mwanzo: "Usifute kitu bila kuniuliza." Muulize anadhani ni nini, moto, kioo, programu ama kufuli, na bei ikisemwa iandikwe. Fundi mzuri hachukii maswali haya. Atapima betri kwanza, atajaribu tundu jingine la chaji, atakuambia ukweli ikiwa kifaa cha ndani kimeungua. Akibadilisha kitu, omba kile cha zamani.

Simu ikiamka, usiende nayo kwanza kupiga salamu. Siku hiyohiyo hamisha picha kwenye memori kadi ya simu ya ndugu, kwenye akaunti yako, ama zitume WhatsApp kwa mtu mmoja wa familia anayeaminika aliye mbali. Simu iliyoamka mara moja inaweza kulala tena usiku.

Na isipoamka? Hapo bado kuna njia mbili tatu. Picha ulizowahi kuwatumia wengine bado ziko kwao. Waombe wakurudishie, kila mmoja achimbe kwenye simu yake. Namba za watu zinaweza kukusanywa kupitia kundi la familia mara utakapoingia tena kwa laini yako. Ukiwa umepoteza kabisa mawasiliano na ndugu, Msalaba Mwekundu wa Uganda pamoja na ICRC wana huduma ya kutafuta na kuunganisha familia, haina malipo. Waulize viongozi wa RWC wapi na lini wanapatikana kwenu.

Kwa wale ambao simu zao bado zinawaka, kuna kazi ya nusu saa tu. Chukueni daftari la shule la mtoto, mwandike humo namba za watu 10 ambao hamtaki kuwapoteza, kila moja ikianza na alama ya nchi: +243 kwa Congo, +211 kwa Sudani Kusini, +256 kwa hapa Uganda. Namba iliyoandikwa bila alama hiyo ulipokuwa Congo haitaita ukiipiga ukiwa hapa. Mwenye swali la simu, aliandike kwenye karatasi amwachie kiongozi wa bloku yake kabla ya mwisho wa mwezi. Akitaja aina ya simu na maandishi yanayoonekana kwenye kioo, mafundi wataweza kumjibu katika toleo lijalo.